Steinmetz: Mkimbizi aliyeihesabu hasara iliyomo katika mvumo wa umeme

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakazi wa Schenectady, mji wa viwanda ulioko jimbo la New York nchini Marekani, walizoea kumwona mtu mmoja mfupi mno, mwenye kibiongo, akielea ndani ya mtumbwi karibu na mto Mohawk. Alikuwa amelaza mbao juu ya mtumbwi huo zikawa meza, na juu ya meza hiyo palikuwa na karatasi zilizojaa hesabu. Mtu huyo aliitwa Charles Proteus Steinmetz. Hesabu zake zilihusu umeme, na hasa ile sehemu ya umeme ambayo haimfikii mnunuzi, kwa kuwa hupotea njiani.

Sehemu hiyo ina sauti. Mtu anayepita chini ya minara mikubwa ya umeme, hasa alfajiri yenye ukungu au wakati wa manyunyu, husikia nyaya zikivuma na kutatarika kama chumvi iliyotupwa motoni. Anayesimama karibu na transfoma ya mtaani husikia mvumo mwingine, mzito na usiobadilika, mfano wa nyuki waliomo mzingani. Wengi hudhani kwamba ni umeme wenyewe unaopiga kelele ndani ya waya. Sivyo. Ndani ya waya umeme hupita kimya. Kinacholia ni chuma cha transfoma na hewa iliyouzunguka waya.

Steinmetz hakuwa wa kwanza kuusikia mvumo huo, wala si yeye peke yake aliyeueleza. Lakini yeye ndiye aliyewafundisha wahandisi kuihesabu hasara ya umeme kabla mtambo haujajengwa, na bila hesabu hizo nyaya ndefu zinazovuka mbuga na milima zisingalijengwa kwa urahisi. Yeye mwenyewe nusura arudishwe kwao kutoka bandarini, siku alipofika Marekani hana fedha wala lugha.

Mtoto wa Breslau

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa katika ufalme wa Prussia na ambao leo unaitwa Wrocław, nchini Poland. Jina alilopewa ni Karl August Rudolf. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli. Kibiongo na kasoro ya nyonga alivirithi, kwani baba yake alikuwa navyo na babu yake vilevile. Mama yake alifariki dunia yeye akiwa bado mtoto mchanga, akalelewa na bibi yake. Alipofikia utu uzima kimo chake kilikuwa kama futi nne tu.

Mwaka 1883 alijiunga na Chuo Kikuu cha Breslau kusomea hisabati na sayansi. Wanafunzi wenzake katika chama cha hisabati walimpa jina la utani la Proteus. Katika hekaya za Wayunani, Proteus ni mzee wa baharini anayejigeuza maumbo mengi na anayejua siri nyingi, ambazo huzitoa tu kwa yule anayeweza kumshika asimponyoke. Jina hilo lilimpendeza, na baadaye alilifanya kuwa sehemu ya jina lake rasmi.

Ujerumani ya siku hizo ilikuwa chini ya Kansela Otto von Bismarck, na tangu mwaka 1878 ilikuwa na sheria kali dhidi ya wasoshalisti. Mikutano yao ilipigwa marufuku, magazeti yao yakafungwa, na wengi wao wakatiwa gerezani. Steinmetz alijiunga nao akiwa chuoni, na akashika kwa muda uhariri wa gazeti lao mjini Breslau. Haikupita muda mrefu polisi wakaanza kumfuatilia.

Mwaka 1888, akiwa amekwisha kuandika tasnifu yake ya udaktari na akibakiwa na hatua chache tu kutunukiwa shahada, alipata habari kwamba angekamatwa. Aliondoka nyumbani kama mtu anayekwenda kumtembelea rafiki, akavuka mpaka na hatimaye akafika Zurich, nchini Uswisi. Baba yake hakumwona tena. Ile shahada ya Breslau hakuipata kamwe.

Katika lango la New York

Mjini Zurich alisoma kwa muda mfupi katika chuo cha ufundi, akiishi chumba kimoja na mwanafunzi mwenye asili ya Denmark, Oscar Asmussen, aliyekuwa na jamaa Marekani. Asmussen alipoamua kuvuka bahari mwaka 1889, alimchukua rafiki yake na kumlipia nauli. Walisafiri katika daraja la chini la meli ya Kifaransa, na mwanzoni mwa mwezi Juni wakatia nanga New York.

Kituo mashuhuri cha kisiwa cha Ellis kilikuwa hakijafunguliwa. Wahamiaji walikaguliwa Castle Garden, ngome ya zamani iliyoko ncha ya kusini ya Manhattan. Sheria ya mwaka 1882 iliwapa maofisa uwezo wa kumrudisha mtu yeyote ambaye walimwona hataweza kujitunza na atakuwa mzigo kwa umma. Mbele yao alisimama kijana wa miaka 24, mwenye kibiongo, anayechechemea, asiye na fedha na asiyejua Kiingereza cha kutosha hata kujibu maswali. Kwa kipimo cha sheria ile, alikuwa mfano hasa wa mtu wa kukataliwa.

Asmussen ndiye aliyemwokoa. Aliwaonyesha maofisa fedha akadai kwamba sehemu yake ni ya mwenzake, na akaahidi kwamba yeye mwenyewe atamtunza. Wakaruhusiwa kupita. Si vigumu kufikiri ni wangapi waliosimama kwenye mstari kama ule bila ya Asmussen wao, wakarudishwa, na majina yao hayajulikani hadi leo.

Baada ya majuma machache Steinmetz alipata kazi ya uchoraji wa ramani za mitambo huko Yonkers, kaskazini ya jiji la New York, kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki. Mwajiri wake, Rudolf Eickemeyer, alikuwa Mjerumani aliyekimbia nchi yake baada ya mapinduzi yaliyoshindwa ya mwaka 1848. Mzee huyo alijipatia mali kwa kutengeneza mashine za kushonea kofia, kisha akaingia katika biashara mpya ya mota za umeme. Wakimbizi hao wawili, mmoja wa 1848 na mwingine wa 1888, walielewana upesi. Steinmetz aliomba uraia, akaliacha jina la Karl na kujiita Charles, na Proteus akaliweka katikati.

Chuma kinachosita

Katika miaka hiyo kulikuwa na mvutano mkubwa kuhusu aina ya umeme itakayotumika mijini. Upande mmoja ulitetea mkondo unaokwenda njia moja tu. Upande wa pili ulitetea mkondo geu, yaani umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde. Mkondo geu una faida moja kubwa: kwa kutumia transfoma, msongo wake waweza kupandishwa ili umeme usafiri mbali bila kupotea sana, kisha ukashushwa karibu na nyumba za watu.

Taabu ilikuwa moja. Mota na transfoma za mkondo geu zilipata joto kupita kiasi, na hapakuwa na njia ya kujua mapema joto hilo litakuwa kiasi gani. Mhandisi alijenga mtambo, akauwasha, akangoja. Ukiungua, alijenga mwingine.

Chanzo kimojawapo cha joto hilo ni tabia ya chuma chenyewe. Chuma cha transfoma hugeuzwa sumaku upande huu, kisha upande ule, kila mara mkondo unapogeuka. Lakini hakigeuki kwa hiari. Husita, kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu: kila ukiufungua na kuufunga, nguvu fulani huishia kwenye bawaba. Mlango unaofunguliwa mara moja kwa siku haumchoshi mtu. Unaofunguliwa na kufungwa mara 50 kwa kila sekunde, mchana na usiku, ni jambo jingine kabisa. Wanasayansi walikwisha kuipa tabia hiyo jina la histeresisi, neno lenye asili ya Kiyunani lenye maana ya kuchelewa au kubaki nyuma.

Steinmetz alikusanya vipimo vilivyofanywa na wengine, akaongeza vyake, akatafuta kanuni iliyojificha ndani ya tarakimu. Mwaka 1892 aliwasilisha matokeo yake mbele ya chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani. Kanuni yenyewe ilikuwa fupi ya kushangaza: nguvu ya sumaku ndani ya chuma ikiongezwa maradufu, hasara huongezeka takriban mara tatu. Kila aina ya chuma ina namba yake, na namba hiyo hupimwa mara moja tu. Tangu hapo mhandisi aliweza kujua akiwa mezani, kalamu mkononi, ni chuma gani kitakachofaa na ni kiasi gani kitapotea. Mwandishi wa kanuni hiyo alikuwa na miaka 26, na alikuwa nchini kwa muda usiotimia miaka mitatu.

Kugeukageuka huko kwa sumaku ndiko pia kunakoifanya transfoma ivume, ingawa kwa njia nyingine. Mwingereza James Joule aligundua katika miaka ya 1840 kwamba kipande cha chuma kikitiwa usumaku hubadilika urefu kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Transfoma ina mamia ya mabamba ya chuma yaliyopangwa pamoja. Yote hutanuka na kusinyaa kwa wakati mmoja, yakautikisa mtungi wa mafuta ambamo yamewekwa, na mtungi ukaitikisa hewa. Mabamba hayajali sumaku imeelekea upande gani. Hutanuka mara mbili katika kila mzunguko wa mkondo. Kwa hiyo panapotumika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama ilivyo Afrika Mashariki, Ulaya na Oman, mvumo ni wa mitikisiko 100 kwa sekunde. Marekani, ambako mizunguko ni 60, mitikisiko ni 120. Msafiri aliyezoea transfoma ya mtaa wake huko Morogoro au Nakuru, akihamia Minneapolis, atausikia mvumo wa huko ukiwa mwembamba kidogo, kama sikio lake ni la mwanamuziki.

Hesabu za kufikirika

Mwaka 1892 kampuni kubwa ya General Electric iliundwa, na punde ikainunua kampuni ya Eickemeyer. Husemwa kwamba iliinunua kwa ajili ya kumpata Steinmetz tu. Kisa hicho chapendeza kusimuliwa, lakini Eickemeyer alikuwa pia na hataza zilizokuwa na thamani yake. Kwa vyovyote, Steinmetz alihamia kwanza Lynn, Massachusetts, kisha mwaka 1894 Schenectady, ambako alikaa hadi mwisho wa maisha yake.

Kabla ya hapo, mwezi Agosti 1893, alikwenda Chicago kuhutubia mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme. Pengine kazi aliyoiwasilisha huko ilikuwa na athari kubwa zaidi kuliko ile ya chuma. Katika mkondo geu, msongo na mkondo aghalabu haviendi sambamba. Ni kama wapiga ngoma wawili wenye mdundo mmoja, lakini mmoja wao hupiga akiwa nyuma kidogo. Kuhesabu jinsi wanavyopishana kulihitaji kurasa nzima za hisabati ngumu, na wahandisi wengi hawakuimudu.

Steinmetz alionyesha kwamba kazi yote yaweza kufanywa kwa kutumia namba changamano, yaani namba zinazotokana na kipeuo cha pili cha hasi moja. Wanahisabati walizijua kwa muda mrefu na wakaziona kuwa ni za kufikirika tu, zisizo na kitu duniani cha kuzihesabia. Yeye alizikuta zikifaa kabisa kwa umeme unaokwenda na kurudi. Kurasa nzima zikawa mistari michache. Kitabu chake cha mwaka 1897 kuhusu mkondo geu kilikuwa kigumu na wasomaji wa kwanza walilalamika. Hata hivyo wanafunzi wa uhandisi wa leo, wa Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko, hufundishwa njia hiyo hiyo, mara nyingi bila kutajiwa ilitoka kwa nani.

Heshima zilifuatana. Alikuwa rais wa chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani mwaka 1901 hadi 1902, Chuo Kikuu cha Harvard kikampa shahada ya heshima, na chuo cha Union kilichoko Schenectady kikamfanya profesa.

Nyaya zinazong'aa gizani

Umeme ulivyozidi kusafirishwa mbali, ndivyo msongo ulivyozidi kupandishwa, na hapo hasara ya aina nyingine ikajitokeza. Katika miaka ya 1890, wahandisi wa kampuni shindani ya Westinghouse walifanya majaribio milimani huko Telluride, Colorado. Walipoupandisha msongo kupita kiasi fulani, nyaya zilianza kulia, na usiku zilionekana kuzungukwa na mwanga hafifu wa samawati. Mwanga huo ukaitwa korona, neno la Kilatini lenye maana ya taji. Ni neno lile lile ambalo dunia nzima ililijua kwa uchungu mwaka 2020, kwa sababu ya virusi vyenye umbo la taji.

Hewa ni kizuizi kizuri cha umeme, lakini ina kikomo. Nguvu ya umeme ikifika takriban volti 30,000 kwa kila sentimita, hewa ya usawa wa bahari huanza kuvunjika na kupitisha umeme. Kwenye waya wa msongo mkubwa, jambo hilo hutokea kwanza pale penye ncha: mkwaruzo, mdudu aliyenasa, vumbi, au tone la maji linaloning'inia chini ya waya. Ndiyo maana nyaya hulia zaidi wakati wa ukungu na mvua. Kila mchomoko mdogo wa umeme huipasha moto hewa ghafla, na mlipuko wake mdogo ndio mtatariko unaosikika. Wakati huohuo chembe zenye chaji husukumwa nje na kuvutwa ndani kila mkondo unapogeuka, na hewa ikatikiswa pamoja nazo. Huo ndio mvumo ulio chini ya mtatariko, nao pia huenda mara mbili kwa kila mzunguko.

Aliyeipatia korona kanuni yake alikuwa mhandisi kijana wa General Electric, Frank Peek, aliyefanya vipimo vyake Schenectady na kuvitangaza mwaka 1911. Alifuata njia ambayo Steinmetz alikuwa ameionyesha katika chuma: pima kwa subira, kisha tafuta kanuni. Peek alibainisha kwamba yote hutegemea unene wa waya, umbali baina ya nyaya, ulaini wa uso wa waya, na uzito wa hewa. Hilo la mwisho lina maana kubwa kwa Afrika Mashariki. Hewa ya Nairobi, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na kwa hiyo korona huanza mapema zaidi kwenye nyanda za juu. Hali kadhalika, waya mnene hulia kidogo kuliko mwembamba. Kwa sababu hiyo, kwenye njia za kilovolti 400, kama ile iliyoanza kazi mwaka 2018 kutoka Loiyangalani hadi Suswa nchini Kenya, nyaya kadhaa huwekwa pamoja kama fungu ili zifanye kazi ya waya mmoja mnene sana.

Njia nyingine inayofika hapo hapo Suswa, ile ya kilovolti 500 inayotoka Ethiopia, hutumia mkondo usiogeuka. Nyaya zake zaweza kutatarika, lakini hazina ule mvumo wa mara 100 kwa sekunde, maana hakuna kinachokwenda na kurudi.

Ifahamike pia kwamba si kila sauti ya nyaya ni korona. Upepo ukipita kwenye waya uliokazwa huufanya uimbe, hata kama hauna umeme. Na kwenye njia ndogo za mitaani, ambazo msongo wake hautoshi kuleta korona, mlio wa kutatarika aghalabu hutoka kwenye vikombe vinavyoshikilia nyaya, vikiwa vimepasuka au vimeshika vumbi au chumvi ya bahari. Sauti hiyo ni dalili ya hitilafu, na inafaa mafundi waarifiwe.

Familia na siasa

Steinmetz hakuoa. Alikuwa ameona ulemavu ukipita kutoka kwa babu hadi kwa baba na kutoka kwa baba hadi kwake, akaamua usiendelee. Lakini alikuwa mtu wa kupenda watu, na upweke ulimlemea. Msaidizi wake wa maabara, Joseph Hayden, alipooa, Steinmetz aliwaalika yeye na mkewe Corinne wahamie katika nyumba yake kubwa. Baadaye alimfanya Hayden kuwa mwanawe kisheria. Watoto watatu wa Hayden wakawa wajukuu zake, na mzee huyo aliyeogopa kuzaa akaishi miaka yake iliyosalia nyumba ikiwa na kelele za watoto.

Itikadi yake hakuiacha. Mwaka 1911 wapiga kura wa Schenectady walimchagua meya msoshalisti, George Lunn, na Steinmetz akawa mwenyekiti wa bodi ya elimu ya mji. Aliyashughulikia mahitaji ya watoto wa wahamiaji na ya watoto wenye ulemavu, makundi mawili ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa yote. Mwaka 1922 alimwandikia Lenin akijitolea kusaidia kueneza umeme nchini Urusi, na Lenin akamjibu. Mwaka huohuo aligombea wadhifa wa mhandisi wa jimbo la New York, akashindwa.

Watu walistaajabu kwamba msoshalisti aliitumikia kwa moyo wote mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za kibepari. Yeye, katika kitabu chake cha mwaka 1916, alitoa hoja kwamba mashirika makubwa, kwa mpangilio wao, yalikuwa yakiiandaa njia ya uchumi wa ushirika. Historia haikwenda alivyotarajia, na hoja yake yaonekana leo kuwa dhaifu. Inawezekana pia kwamba General Electric, iliyomwacha afanye kazi atakavyo na kuvuta sigara zake popote, ilimfaa kuliko alivyopenda kukiri.

Radi ndani ya maabara

Mwaka 1920 radi ilipiga kibanda chake cha mapumziko kilichokuwa karibu na mto Mohawk. Mtu mwingine angalishukuru Mungu kwamba hakuwamo, kisha akaita fundi. Steinmetz alikusanya vipande vya kioo kilichovunjika, akavipanga upya kimoja kimoja, akasoma katika nyufa zake njia ambayo umeme ulipita.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1922, aliwaonyesha waandishi wa habari mtambo wake wa kutengeneza radi, wenye msongo wa volti 120,000. Ulipasua vipande vya miti mbele ya macho yao, na magazeti yakamwita mtu aliyeitiisha radi. Madhumuni yalikuwa ya kawaida zaidi. Radi ndiyo iliyokuwa ikiziangusha njia ndefu za umeme, na vifaa vya kuzikinga havikuweza kujaribiwa kwa kungoja mawingu. Thomas Edison, aliyekuwa zamani mpinzani mkubwa wa mkondo geu, alifika Schenectady mwezi Oktoba mwaka huo kuutembelea mji na kazi zake.

Mwaka 1923 Steinmetz alisafiri kwa treni pamoja na familia yake hadi pwani ya magharibi ya Marekani. Alirudi amechoka sana, na tarehe 26 Oktoba alifariki dunia nyumbani kwake, kitandani, akiwa na umri wa miaka 58. Alizikwa Schenectady. Mwaka 1930 Henry Ford alikinunua kile kibanda na kukihamishia katika makumbusho yake huko Dearborn, Michigan, ambako wageni bado hukiona.

Hasimuliwi sana, lakini kanuni yake ya mwaka 1892 haijastaafu. Wahandisi huitumia hadi leo, ikiwa imerekebishwa hapa na pale, wanapotengeneza kiini kidogo cha sumaku kilichomo ndani ya chaja ya simu. Ndani ya kiini hicho sumaku hugeuzwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na hasara huhesabiwa vilevile kama alivyoihesabu yeye huko Yonkers. Chaja nayo hutikisika; ila mtikisiko wake ni wa kasi kupita uwezo wa sikio la binadamu, na kwa hiyo hausikiki.